Mapigo 32: kuijua saa ya dhahabu ya mfukoni inayogonga

Ukiletewa saa ya mfukoni inayogonga, yaani inayokutajia wakati kwa mapigo unapoiomba, iweke sikioni kabla hujaigeuza kutafuta mihuri ya dhahabu. Peleka mishale mbele polepole mpaka ionyeshe 12:59, kisha vuta kitelezo kilicho ubavuni mwa kasha mpaka kigote, ukiachie. Saa inayohesabu mpaka dakika inapaswa kukupa mapigo 12 mazito ya saa, halafu jozi tatu za robo, kila jozi pigo jembamba likifuatwa na zito, halafu mapigo 14 membamba ya dakika. Jumla ni 32, na hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo mtambo huo unaweza kutakiwa kuifanya. Ukishasikia la mwisho, subiri kimya kirudi, sogeza mshale mpaka 1:00, uvute tena. Lije pigo moja tu. Majaribio hayo mawili yanaeleza hali ya saa kuliko picha yoyote ya kasha linalong'aa.

Saa ninazozizungumzia ni zile zilizotengenezwa au kukamilishwa London wakati wa Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, na hasa zile za miaka ya mwisho ya utawala wake, ufundi ulipofika kileleni. Chanzo chake ni cha zamani zaidi, nacho ni giza. Usiku wa karne ya 17 aliyetaka kujua saa ngapi alilazimika kuamka na kuhangaika na jiwe la kiberiti na mshumaa. Mwaka 1676 padri Edward Barlow alibuni mtambo unaoiwezesha saa kugonga inapoombwa, ukutani kwanza. Mwaka 1687 alipotaka hataza ya saa ya mfukoni, fundi Daniel Quare alimpinga, na shauri likafika mbele ya Mfalme James II. Quare alishinda: saa yake ilipiga saa na robo kwa kubonyezwa mara moja, ya Barlow ilihitaji vibonyezo viwili.

Saa hizo za mwanzo zilikuwa na kengele ya bakuli ndani ya kasha, ndiyo maana ni nene. Mnamo miaka ya 1780 Abraham-Louis Breguet, aliyefanya kazi Paris, aliweka waya wa chuma kigumu uliopindwa kuuzunguka mtambo badala ya bakuli, na saa ikaweza kuwa nyembamba. Viberiti vya kukwaruza vilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, haja ya kusikia saa gizani ikapungua. Lakini ni baada ya hapo ndipo saa za kugonga dakika zilipofikia ubora wake wa juu. Mtu alikuwa hainunui tena kwa shida ya giza. Alikuwa ananunua ufundi wenyewe, na fundi alijua anahukumiwa kwa ufundi.

Si kila saa inayogonga inahesabu dakika. Nyingi ni za robo: hupiga saa, kisha robo zilizopita, basi. Nyingine ni za nusu robo, huongeza pigo moja kama dakika saba na nusu zimeshapita tangu robo ya mwisho. Zipo za dakika tano. Za dakika ndizo ngumu na ghali, na wauzaji wengi huziita zote kwa jina hilo moja, kwa hiyo hesabu mapigo mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili akumbuke pia kwamba mtambo husoma mishale, haulisomi jua. Saa moja asubuhi, ikiwa mishale imewekwa kizungu, utasikia mapigo saba. Ukipenda igonge kwa hesabu yetu, weka mishale kwa saa sita za tofauti, na itakutii bila kudhurika.

Ukivua sura ya saa utaukuta mtambo wa kugonga umelala chini yake, upande wa mishale. Nyundo mbili na nyaya ziko upande wa nyuma. Unapovuta kitelezo unafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Unakaza kamani ndogo, yaani springi, ambayo ni ya kugonga peke yake, isiyohusiana na kamani kubwa inayoendesha saa. Ndiyo sababu hata saa iliyosimama inaweza kugonga. Wakati huohuo unapeleka ncha ya mkono fulani wa chuma mpaka iguse kisahani chenye ngazi 12, ambacho mafundi hukiita konokono kwa umbo lake. Konokono huyo amefungwa juu ya gurudumu la nyota lenye meno 12, na nyota huruka jino moja kila saa inapotimia. Ngazi ya juu kabisa humsimamisha mkono mapema na kutoa pigo moja. Ya chini kabisa huuacha ushuke mpaka mwisho, na mapigo huwa 12.

Robo na dakika zina konokono wao, nao wamevaa kwenye mhimili wa katikati unaobeba mshale wa dakika. Wa robo ana ngazi nne, moja ikiwa ya kimya. Wa dakika ana mikono minne, na kila mkono umechongwa ngazi 14 juu ya sehemu isiyo na pigo. Hebu fikiria kipande cha chuma kinachoenea kwenye ukucha wa kidole gumba, kikiwa na ngazi 56 ambazo kila moja lazima iwe na kina chake sahihi. Kosa la upana wa unywele linatosha kufanya 37 isikike kama 36 au 38. Juu ya konokono hao huangukia reki mbili, vipande vyenye meno upande mmoja: reki ya robo na reki ya dakika. Kadiri reki inavyoanguka ndani zaidi, ndivyo meno mengi yatakavyopita mbele ya nyundo wakati kamani ndogo inapojifungua.

Kuna vipande viwili ambavyo kwangu ndivyo vinavyotenganisha saa ya kuaminika na pambo. Cha kwanza ni kile cha "yote au hakuna", kilichobuniwa London mapema karne ya 18 na Matthew Stogden. Bila hicho, ukivuta kitelezo nusu njia, mkono haufiki kwenye ngazi yake, na saa hugonga 4 wakati ni 9. Kikiwepo, reki hubaki zimeshikwa mpaka mkono umgandamize konokono wa saa kwa nguvu ya kutosha kukisogeza kipande hicho kidogo sana; hapo ndipo zinaachiwa zianguke. Ukivuta nusu, saa hunyamaza. Haisemi uongo. Cha pili ni kipande cha kushtukiza, bamba jembamba lililolala chini ya konokono wa dakika. Nyota inaporuka kwenye mwanzo wa saa mpya, jino lake husukuma bamba hilo mbele ghafla, likaziba shimo ambalo reki ingeliangukia. Bila hilo, saa iliyofika 1:00 na sekunde chache ingeweza kugonga 1, kisha robo tatu na dakika 14 za saa iliyokwisha. Ndiyo maana jaribio la 12:59 halikamiliki bila la 1:00.

Mwendo wa mapigo unashikwa na kidhibiti mwendo, mwisho wa safu ya magurudumu madogo. Katika saa nyingi za miaka ya kati ya utawala wa Victoria ni nanga ndogo inayotikisika kwenye meno ya gurudumu, na utaisikia ikivuma chini ya mlio. Kuelekea mwisho wa karne kikaja kidhibiti cha kimya, chenye uzito mdogo unaotanuka kadiri unavyozunguka. Kukisikia au kutokukisikia kunakusaidia kukadiria umri, ingawa kusikuamulie ubora: kazi nzuri kabisa zimefanywa kwa nanga. Mapigo yote 32 yanapaswa kuchukua kama sekunde 15 hadi 20, kwa nafasi sawa tangu la kwanza mpaka la mwisho.

Nyaya zenyewe ni chuma kilichopikwa kikawa kigumu, kisha kikapashwa tena taratibu. Upande mmoja umekazwa kwenye kitako kilichofungwa kwa skrubu, upande mwingine unaning'inia huru. Waya mzito huimba saa, mwembamba dakika, na zote mbili robo. Anayezipanga sauti huondoa chuma kidogo sana: karibu na kitako, sauti hushuka, karibu na ncha huru, au akifupisha waya, sauti hupanda. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kwa hiyo nikiona alama za tupa mpya kwenye waya, naichukulia kama jeraha.

Jina lililoandikwa kwenye sura ya saa lisikudanganye ukadhani mtu mmoja ndiye aliyeitengeneza. Mitambo mbichi ya Kiingereza ilitoka Prescot, Lancashire, na ikakamilishwa Clerkenwell, London, mtaa wa mafundi ambako huyu aliweka mawe ya kuegemea mihimili, yule akapinda springi nyembamba kama unywele, mwingine akachoma enameli ya sura, na mwingine akatengeneza kasha. Kazi ya kugonga, hasa ya dakika, mara nyingi ilitoka bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi, kwenye karakana kama ya Louis Audemars huko Le Brassus, ikaja London ikiwa haijamalizika. Adolphe Nicole na Jules Capt walitoka bondeni huko wakahamia London, wakapata hataza ya kukaza saa bila ufunguo mwaka 1844, na nyumba yao, iliyokuja kuitwa Nicole Nielsen, ilitengeneza saa ngumu zilizouzwa kwa majina ya Dent, Charles Frodsham na S. Smith & Son. Hili halipunguzi hadhi ya saa. Kinachoipunguza ni muuzaji kudai kwamba kila kipande kimetoka mkono mmoja.

Kwenye saa za Frodsham utakuta maandishi "AD Fmsz" karibu na namba. Wapo wanaoyauza kama siri ya kiwanda. Ni tarakimu tu: herufi za jina Frodsham zilipewa namba kwa mpangilio, F ikiwa 1, M ikiwa 8, S ikiwa 5, na Z ikawekwa kuwa sifuri. Inasomeka 1850. Wala si mwaka wa saa uliyoishika. Saa zilizotengenezwa miaka mingi baadaye zinayo alama hiyohiyo.

Sasa kasha. Dhahabu ya kawaida ya saa hizi ni ya karati 18, yaani sehemu 75 kwa mia, zilizobaki zikiwa shaba na fedha. Shaba ikizidi, rangi huelekea wekundu. Tangu 1854 sheria ya Uingereza iliruhusu pia karati 15, 12 na 9, hivyo usichukulie kila kasha la manjano kuwa la 18. Fungua mgongo utafute mihuri: taji na namba 18, kichwa cha chui kwa London, herufi ya mwaka, na herufi za jina la mtengeneza kasha, ambaye kwa kawaida si yule aliyeandikwa kwenye sura. Herufi za London huenda kwa mzunguko wa 20, kutoka A mpaka U bila J. Mzunguko mmoja ulianza 1856, mwingine 1876, mwingine 1896, kila mmoja kwa mtindo wake wa herufi, na herufi ilibadilishwa Mei. Kwa hiyo herufi moja hugusa miaka miwili.

Linganisha namba. Kasha la Kiingereza lilitengenezwa kwa mkono kwa ajili ya mtambo mmoja, na namba ya mtambo iligongwa ndani ya kasha. Zikitofautiana, uliza kwa nini. Tazama na ufa anamopita kitelezo: katika kasha la asili kitelezo hukaa bila kucheza, na bamba lake hufunika ufa wote vumbi lisipite. Ukiona ufa uliojazwa dhahabu, au tundu la pili, ujue kasha hilo lilikuwa la saa nyingine. Mistari ya nakshi iliyochongwa kwa mashine mgongoni ishike kidole. Ikiwa laini kama sabuni, sonara ameisugua mara nyingi, na dhahabu hiyo imekwenda pamoja na kingo za mihuri. Kagua bawaba zikiwa zimefunguka nusu, kisha zikiwa zimefungwa: mfuniko usiteleze pembeni.

Makasha mengi ya asili hayapo tena. Dhahabu ilipopanda kupita dola 800 kwa aunsi Januari 1980, watu walipima makasha kwa gramu, wakayayeyusha, na mitambo ikabaki ndani ya bahasha za karatasi. Inauma. Mtu aliuza metali, akatupa kazi ya miezi. Ndiyo sababu leo mtambo bora wa kugonga unaweza kukutwa katika kasha jipya la fedha, na hauna sababu ya kudharauliwa ikiwa anayeuuza amesema ukweli na bei inasema hivyohivyo.

Turudi kwenye sauti, maana magonjwa mengi husikika kabla hayajaonekana. Mapigo yakianza vizuri kisha yakachoka, yakawa ya kujivuta au yakakwama kabla ya dakika kwisha, mara nyingi mafuta ya zamani yameganda kwenye ncha za magurudumu madogo ya kidhibiti mwendo. Dawa ni kufungua, kusafisha na kutia mafuta mapya. Fundi mwenye haraka huweka kamani ndogo yenye nguvu zaidi. Saa hugonga, mnunuzi hufurahi, na baada ya muda meno ya reki huanza kuvunjika kwa mzigo ambao hayakutengenezewa. Mapigo yakikimbia mpaka huwezi kuyahesabu, tazama kina cha nanga kwenye gurudumu lake, au kama imelika.

Sauti ikiwa butu, kama ya kijiti kwenye meza, nyundo imelala juu ya waya baada ya kupiga. Inatakiwa ipige na kurudi hapohapo. Pengo kati ya nyundo na waya ukiwa umetulia ni kama unene wa karatasi, na hurekebishwa kwenye springi ya kuirudisha nyundo, kamwe si kwa kuupinda waya. Sauti ikiwa na mkwaruzo, waya unagusa kitu: waya mwenziwe, ukuta wa kasha, au mfuniko wa ndani uliobonyea. Jaribu mfuniko ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Mkwaruzo ukija baada ya kufunga tu, tatizo ni la sonara kabla halijawa la fundi saa. Pigo likiwa hafifu kwenye waya mmoja peke yake, kagua skrubu ya kitako chake, kwani ikilegea mlio wote huishia hapo.

Hesabu mbaya ina sababu zake. Saa ikigonga saa iliyopita kwa dakika kadhaa baada ya mabadiliko, springi inayoishika nyota imechoka na nyota inachelewa kuruka. Ikitofautiana na mishale kwa dakika zilezile muda wote, mshale wa dakika umerudishwa vibaya baada ya matengenezo. Kosa likibadilikabadilika, mhimili wa katikati umelegea unateleza. Hilo la mshale ni rahisi kurekebisha: sikiliza mahali robo inapobadilika, panga mshale hapo. Meno ya reki yaliyovunjika si rahisi hata kidogo. Hakuna duka lenye akiba ya vipuri hivi. Kila kimoja kilichongwa kwa saa yake, na cha kukibadili kitachongwa upya kwa mkono na mtu ambaye kazi yake ni hiyo.

Vunjiko hilo mara nyingi hutokana na kitendo kimoja: kupeleka mishale saa ikiwa bado inagonga. Reki zikiwa zimeanguka, ncha zake zimo katikati ya ngazi za konokono. Ukimzungusha konokono wakati huo, ukingo wa mkono wake huigonga ncha, na kimojawapo kitapinda au kuvunjika. Subiri pigo la mwisho, kisha sekunde mbili zaidi. Kitelezo nacho kivutwe kwa mkono mmoja usiosita mpaka mwisho, kiachwe kirudi chenyewe bila kusindikizwa na kidole, na kisivutwe tena kabla mapigo hayajaisha. Mishale usiirudishe nyuma kuvuka 12, maana hapo ndipo nyota na kipande cha kushtukiza vinakutana.

Mafuta ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: tone la ncha ya waya kwenye kila egemeo la gurudumu, grisi nyembamba chini ya kitelezo. Meno ya reki huachwa makavu. Nyaya na nyuso za nyundo zisiguswe na mafuta hata chembe, kwa kuwa mafuta huzima mlio na kushika vumbi. Wala zisiguswe kwa vidole vitupu. Ni chuma kisichopakwa kitu, na jasho la mkono huacha alama ya kutu.

Kwa anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, hewa yenye chumvi na unyevu ni adui mkubwa kuliko mikwaruzo. Dhahabu haitaonyesha lolote huku waya ukiliwa ndani. Iweke saa kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, uvibadilishe au uvikaushe kila vinapojaa, na usiihifadhi ndani ya kasha la ngozi mbichi au kabati la bafuni. Igongeshe mara moja kila wiki kadhaa, mishale ikiwa imesimama mahali penye mapigo mengi, na usikilize kama kasi ya dakika 14 za mwisho ni ileile ya saa za kwanza. Ikianza kupungua, usiendelee kuivuta. Mpelekee fundi aliyewahi kufungua saa ya kugonga, na kabla hajaigusa muulize atakiondoaje kipande cha kushtukiza na atakirudishaje.